Kadi Iliyotungojea Saa Mbili

Mwezi uliopita tulimzika Anti Yunuke kule Nyaramba, kando ya majani chai ya babu, baada ya mwili wake kusafirishwa kutoka Minnesota alikokuwa akiuguza wazee wa watu wengine kwa miaka mingi. Binti yake Debra ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Amezaliwa kulekule na Kiswahili chake kinapitia puani, lakini alijitahidi. Alipofika sehemu ya imani aliinua macho kutoka kwenye kijitabu, akasema kwamba walipokuwa wakitafuta picha katika simu ya mama yao walikuta ujumbe wa zamani aliomwandikia msichana mmoja wa huku nyumbani. Msichana alikuwa amemlaumu vikali kwa kukataa kununua kifaa fulani cha kompyuta kilichokuwa adimu, na mama akamjibu: "Ni kweli, mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu ya Sabato. Nisamehe, mwanangu." Hema zima likasema Amina. Mama yangu, aliyeketi kando yangu na sare yake nyeupe ya ushemasi, aliisema Amina ile kwa sauti kuliko wote. Lakini Anti Yunuke hakukataa. Kifaa kile kilikuwa kinunuliwe kwa ajili yangu, na siku ile kwake ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, jua liko juu, na Sabato, inayoanza jua likitua, iko mbali.

Sasa nina miaka thelathini na moja, nafundisha katika chuo kimoja mjini Kisii na wanafunzi wananiita madam. Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, mwaka tuliokaa Kiogoro mimi na Kemunto. Kemunto alikuwa msichana wa Nyakoe, Mkatoliki, mwenye kicheko cha kutikisa kitanda. Tulijuana chuoni, mimi nilikuwa nimemaliza, yeye amebakiza mwaka. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya poshomili, na kila jioni tuliifunika kompyuta kwa leso kwa sababu unga ulipita hata kwenye tundu la kitasa. Kazi yetu ilikuwa kuchora nyumba. Watu wetu walioko ng'ambo wakitaka kujenga nyumbani hupenda kuiona nyumba kabla ya kumlipa fundi, basi tuliwachorea kwenye kompyuta, yenye mabati ya rangi, migomba upande mmoja na gari mlangoni. Gari walilitaka wote, hata wasiokuwa na gari. Mmoja alitaka magari mawili, na la pili liwe linatoka. Kuichora nyumba hakukutuchukua muda mrefu. Taabu ilikuwa kuingoja kompyuta iitoe picha ya mwisho, yenye mwanga na vivuli vyake, maana ile yetu kuukuu ilianza Jumapili asubuhi na kumaliza Jumatatu mchana, na poshomili ikiwashwa katikati umeme ulishuka, ikazima, tukaanza upya. Tulipikia ndizi kwenye jiko la makaa mlangoni, tukila huku tunaitazama ile asilimia kwenye kioo inavyojikokota. Nimekula vyakula vingi tangu wakati huo, katika hoteli zenye vitambaa vya meza, lakini njaa ya kile chumba ndiyo njaa ninayoikumbuka kwa jina.

Mwanzoni mwa mwaka ule, kikundi cha watu wetu walioko Amerika kilinunua shamba karibu na mji wa Nyamira wajenge nyumba zao pamoja. Mwenyekiti wao alitupigia simu. Alitaka video ya kuingia kwenye lango, kupita sebuleni, kupanda ngazi, kufungua kila chumba. Atakayeileta kufikia mwisho wa Machi, alisema, kazi ya mwaka mzima ni yake. Kemunto aliruka akagonga kichwa kwenye mbao za dari. Halafu tukaketi tukapiga hesabu ya muda, na hesabu ikatuambia kwamba kompyuta yetu ingeimaliza video hiyo mwakani. Tulichohitaji kilikuwa kadi ya grafiki, kile kipande kikubwa kama kitabu cha nyimbo ambacho huchomekwa ndani ya kompyuta na kufanya kwa dakika kile kilichotuchukua siku nzima. Wacheza michezo wanaijua, wachoraji wanaijua. Mimi nilikuwa na akiba ndogo. Kemunto alitoa karo yake ya mwaka wa mwisho, yote, akaiweka mezani juu ya maganda ya ndizi. "Chuo hakihami," alisema. "Kazi ndiyo inahama."

Bei ya kadi tuliijua, kwa maana kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeitangaza kwa dunia nzima, na pesa zetu zilitosha. Hapo ndipo ujinga wetu ulipokuwa. Tulidhani bei ikishatangazwa ni ya kila mtu. Mwaka ule kadi ziliadimika kila mahali. Walanguzi walizinunua mtandaoni kwa programu maalum kabla mtu wa kawaida hajamaliza kuandika jina lake, kisha wakaziuza upya kwa bei ya kutoa machozi. Lakini hata kabla ya walanguzi, sisi tulikuwa tumeshafungiwa nje. Tuliingia kwenye duka la mtandaoni la kampuni yenyewe, tukafika mahali pa kuchagua nchi, tukaipitia orodha kutoka juu hadi chini, na Kenya haikuwemo. Kemunto aliipitia mara tatu akidhani labda wameiandika vibaya. Nairobi kadi ileile iliuzwa mara mbili ya bei. Kisii mjini, mara tatu.

Duka lililokuwa nazo lilikuwa la Bwana Osoro, mtu mnene mwenye adabu nyingi, aliyewapa wateja soda hata kabla hawajanunua kitu. Tulimwonyesha ile bei kwenye simu. Aliitazama kwa huruma.

"Hiyo ni bei ya kwao, dada zangu."

"Kwani kadi ni ingine?" Kemunto akauliza.

"Kadi ni hiyohiyo. Ni nyinyi ndio si wale."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, ndiyo maana sijamsahau. Akatuacha na soda zetu akaingia chumba cha nyuma kupokea simu, na ukuta wa duka lile ulikuwa wa mbao nyembamba. "Zimekuja mbili kwa bei ya kampuni," tulimsikia. "Moja ni ya kijana wa mkubwa wa kaunti, anachezea gemu. Ya pili nimemwekea yule wetu wa kuchimba sarafu za mtandaoni. Ile ya mara tatu iache hapo kwa shelfu. Kuna wasichana wa picha hapa, wako na haraka, wataongeza tu. Usishushe." Kemunto aliiweka soda yake chini taratibu, ikiwa nusu. Akatoka. Mimi nilimaliza yangu, naona aibu kusema, kwa sababu nilikuwa na kiu na ilikuwa ya bure.

Nimekulia kwenye majani chai. Tangu nikiwa mdogo nilimwona mama akibeba kikapu hadi kituo cha kununulia, kilo zikapimwa, na bei akaambiwa. Hakuwahi kuitaja yeye, hata siku moja. Nikiwa mtoto nilifikiri hiyo ni tabia ya chai. Nilipotoka dukani kwa Osoro nilielewa kwamba ni tabia yetu sisi: tunauza kwa bei waliyoipanga wengine na tunanunua kwa bei waliyoipanga wengine, na katikati tunaambiwa tujitahidi. Nilikasirika siku ile na hasira hiyo haijaisha. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini somo la kadi za grafiki nalifundisha nimekunja uso, nawaambia ni macho yananisumbua.

Wa kutuokoa alikuwa Anti Yunuke, dada ya baba. Karibu na alikoishi kulikuwa na duka kubwa ambalo, ili kuwazuia walanguzi, liliendesha bahati nasibu: unaandikisha jina, kila wiki wanachagua majina machache, na ukichaguliwa unapewa saa mbili za kununua kadi moja kwa bei iliyoandikwa kwenye boksi. Zikipita saa mbili, nafasi inakwenda kwa mwingine. Anti hakujua kadi ni nini. "Inaliwa?" aliniuliza, akacheka hadi akakohoa. Lakini kila wiki, akitoka zamu ya usiku miguu imevimba, aliandikisha jina. Tukamtumia pesa zetu zote akae nazo tayari. Wiki ya kwanza hakuchaguliwa, wala ya pili, wala ya tano. Februari ikaisha. Kemunto alianza kumwombea rozari, mwanamke Msabato ambaye hajawahi kumwona.

Ijumaa nilikuwa narudi nyumbani Nyaramba bila kukosa, maana mama hakukubali binti yake aishike Sabato nyuma ya poshomili pamoja na Mkatoliki. Mnajua Ijumaa ya nyumba kama yetu. Kabla jua halijatua viatu vimepigwa rangi, chakula cha kesho kimepikwa, watu wameoga, simu zimezimwa zikawekwa juu ya kabati. Jioni ile mama alikuwa ametenga obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyochachuliwa kwa maziwa siku mbili, na tulikuwa tumemaliza wimbo wa kuikaribisha Sabato, mama akiwa katikati ya sala, simu yangu ilipolia mfukoni. Sikuwa nimeizima. Nilitegemea kugombezwa, lakini mama alifungua macho, akaliona jina la Anti, akapauka. Kwetu simu ya kutoka ng'ambo wakati kama ule huwa ni ya msiba. "Weka sauti tusikie sote," alisema. Nikaweka.

"Bosibori!" Anti alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Wamenichagua! Niko hapa kwa ukurasa wa kulipa. Nikibonyeza hapa ni yetu!"

Mama alishusha pumzi, kisha akakaza uso. "Yunuke," alisema kwa Ekegusii, kwa upole, "jua limetua huku."

"Mama Bosibori, shikamoo. Huku ni saa nne asubuhi. Bado ni Ijumaa."

"Na pesa ni ya wapi?"

Nyuma ya Anti nilisikia gari likipita, gari la mchana.

"Pesa ni ya huku," mama alijijibu mwenyewe. "Ya mtu aliyeketi hapa mezani kwangu ndani ya Sabato. Wewe utakuwa mkono tu. Anayenunua ni huyu."

Leo naweza kucheka hoja ile. Nimewahi kuisimulia kwa wachungaji wawili, wakabishana hadi chai ikapoa. Lakini usiku ule wa Sabato, mbele ya sahani na Biblia, ilikuwa hoja nzito. Anti hakubishana. "Bosibori, sema wewe," alisema. "Kama ni dhambi nitaibeba mimi, nitatubu kesho kanisani, sioni haya. Pesa ni yako na mwenzako. Ninunue?"

Mama hakunitazama. Alichukua kijiko akakiweka sawa kando ya sahani. Najua nilichofikiri, na si Mungu. Nilifikiri juu ya kesho yake, mama akiwa amesimama mbele ya wanawake wenzake na sare yake, akijua binti yake amefanya biashara mezani kwake. Nilifikiri juu ya siku zote ambazo angenyamaza. Kemunto sikumfikiria hata kidogo. Hilo ndilo nimelirudia mara nyingi, kwamba katika ile nusu dakika mwenye karo hakunijia akilini.

"Acha, Anti," nilisema. "Zitatoka zingine."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Kwa saa mbili zile kadi ilikuwa bado yetu. Tulikula. Tuliimba tena. Mama alisoma zaburi polepole, akirudia mistari aliyoipenda, nami nilikuwa nimekaa mkabala na saa ya ukutani. Mara mbili nilishika simu mfukoni. Ningeweza kutoka uani, kumpigia, kunong'ona neno moja. Ilipofika saa tatu mama alifunga kitabu akaniambia nimefanya vizuri, na nilifurahi kusifiwa.

Jumapili nilimkuta Kemunto mlangoni akimenya ndizi, ametoka misa, bado amevaa gauni zuri. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimwambia kwamba Anti alichaguliwa, lakini ujumbe wa duka ulimfikia jioni ya Ijumaa ya kwao, jua likiwa limeshatua, naye akakataa kununua ndani ya Sabato. Niliisogeza saa. Nilijua Kemunto angehesabu, ana akili kunizidi, basi nikaisogeza saa ili hesabu yake itoke sawa. Aliendelea kumenya. Alimenya ndizi zote zilizokuwa kwenye beseni, nyingi kuliko tunavyoweza kula.

"Sabato ni yake," alisema mwishowe. "Sawa. Lakini pesa yangu ni ya Katoliki. Angeuliza."

"Ningefanyaje?"

"Sikusemi wewe. Wewe ungefanyaje." Akaja akanishika bega, akinifariji. Alinifariji mimi.

Zingine hazikutoka. Anti aliendelea kuandikisha jina hadi Aprili, kisha akazirudisha pesa zetu, zote, na ada ya kutuma akailipa yeye. Kazi ya Nyamira ilichukuliwa na ofisi moja ya Nairobi. Miaka baadaye nilikutana na mwenye ofisi hiyo kwenye semina, mtu mchangamfu, na bila kuulizwa alinisimulia kwamba mwaka ule wa shida yeye hakupata shida. Mtu aliyesoma naye alikuwa akifanya kazi kwa msambazaji, akamwekea kadi nne kwa bei ya boksi. "Ilikuwa ni kujuana tu," alisema akiniongezea juisi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nilijuana na mtu, mtu aliyesimama na kidole juu ya kitufe akiningoja.

Pesa za Kemunto ziliporudi muda wa kujiandikisha chuoni ulikuwa umepita, na baba yake akalazwa, na karo ikaenda hospitali. Hakurudi chuoni tena. Aliondoka Kiogoro Juni, amebeba godoro kichwani, na leo ana kibanda cha kutumia na kutoa pesa kwa simu pale Nyakoe sokoni. Mimi niliyekuwa na cheti tayari nilipata ualimu. Nilipopita sokoni tulisalimiana vizuri. Kwa miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa amemwandikia Anti, wala kwamba Anti alisoma matusi yake, akaelewa papo hapo nilichokuwa nimesema, akaamua kuubeba uongo wangu. Hakunigusia hata siku moja. Kila siku yangu ya kuzaliwa alinitumia ujumbe wenye maua.

Siku ya mazishi Kemunto alikuja. Nilimwona baada ya kaburi kufukiwa, amesimama nje ya hema na kijitabu cha wasifu mkononi, na nilipomkaribia macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule msichana wa ujumbe ni mimi," alisema. "Nilimwita mnafiki, Bosibori. Nilimwandikia kwamba Mungu wake anakula karo za maskini. Na angalia alinijibu nini. Sikuwahi kumjibu. Nimekuja kumwomba msamaha na amekufa."

Tukaketi. Mama alitufuata na sahani mbili za wali na nyama, maana hawezi kuona mtu ametoka Nyakoe akae na njaa, na akajiweka kati yetu. Miguu inamsumbua sasa. Alimpapasa Kemunto goti.

"Usilie, mwanangu. Yunuke alikuwa mtu wa Sabato. Hata kwa kadi hakuyumba."

Nilimtazama. Alipeleka tonge mdomoni bila haraka, na sijui hadi leo kama alikuwa amesahau au alikuwa akinifunika kama Anti, wifi yake, alivyonifunika. Ningeweza kuyaacha maneno yake yasimame. Hema lote lilikuwa limeshasema Amina.

"Anti hakukataa," nilisema. "Ilikuwa saa nne asubuhi kwake. Alipiga simu nyumbani, akaniuliza anunue au asinunue. Alisema dhambi ataibeba yeye. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

"Bosibori," mama alisema.

"Na mama alikuwa ameketi pale, lakini aliyeulizwa ni mimi."

Kemunto aliacha kulia. Nilimwona akihesabu, kama nilivyojua angehesabu, saa za huku na saa za kule. "Saa nne asubuhi," alisema. "Huku ni saa moja jioni." Akafikiri tena. "Saa moja jioni Ijumaa mimi nilikuwa chumbani na simu mkononi. Ungenipigia."

"Ningekupigia."

Alisimama, akaiacha sahani juu ya kiti bila kuigusa, akatembea hadi kwenye udongo mbichi. Alipiga magoti na gauni lake, akakaa pale muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akainuka akajikung'uta, akapita mbele yetu akielekea barabarani. Nilisimama nimngoje anitukane. Nilikuwa tayari, nilitaka, nilimhitaji anitukane. Alipita. Matusi yaliyonistahili yalikuwa yamekwisha pokelewa na mtu mwingine, na mchana huo tulikuwa tumemfukia.